Hans Christian Ørsted: Mwalimu Aliyegundua Mbele ya Wanafunzi Wake



Nchini Marekani kuna nishani ambayo hapewi mtu kwa sababu amegundua nyota mpya au amebuni mashine. Hupewa mtu kwa sababu amefundisha, au amewasaidia wengine kufundisha vizuri zaidi. Nishani hiyo hutolewa na Chama cha Walimu wa Fizikia cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1930, na ilianza kutolewa mwaka 1936. Wa kwanza kutunukiwa, William Franklin, alikuwa ameshafariki dunia. Baadaye akatunukiwa Arnold Sommerfeld, Mjerumani ambaye yeye mwenyewe hakupata Tuzo ya Nobel, lakini wanafunzi wake kadhaa waliipata. Mwaka 1972 alitunukiwa Richard Feynman, ambaye Nobel alikuwa nayo tayari. Mwaka 1990 ilikuwa zamu ya Carl Sagan, mwaka 2001 Lillian McDermott, na mwaka 2008 Mildred Dresselhaus.

Nishani hiyo inaitwa Nishani ya Oersted. Wamarekani wenye wanasayansi wao wengi walichagua jina la Mdenmark aliyekufa mwaka 1851. Kwa nini yeye? Makala hii inasimulia maisha yake. Naamini yanatuhusu sisi tunaosoma falsafa, na yanawahusu pia waamini wa parokia zetu, kwa sababu kila mmoja wetu amepita mikononi mwa mwalimu.

Watoto wawili wa mfamasia

Hans Christian Ørsted alizaliwa tarehe 14 Agosti 1777 katika mji mdogo wa Rudkøbing, kisiwani Langeland, nchini Denmark. Baba yake alikuwa mfamasia mwenye duka la dawa. Mwaka uliofuata akazaliwa mdogo wake, Anders. Wazazi walikuwa na shughuli nyingi za duka, na nafasi ya kusoma katika mji ule ilikuwa finyu. Basi watoto wale wakapelekwa kwa Mjerumani mmoja aliyetengeneza nywele za bandia, pamoja na mkewe.

Mzee yule hakuwa mwalimu kwa kazi. Aliwafundisha Kijerumani, kusoma, na hesabu kwa kadiri alivyojua, na alipofika mwisho wa elimu yake hakuwa na la kuongeza. Watu wengine wa mji wakajazia, huyu somo hili, yule somo lile. Wale ndugu wawili nao wakawa na utaratibu wao: alichojifunza mmoja alimfundisha mwenzake. Kwa hiyo Hans Christian alianza kufundisha akiwa bado mtoto, na mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mdogo wake. Huyo Anders baadaye alikuwa mwanasheria mkubwa na waziri mkuu wa Denmark.

Alipofika umri wa miaka 12 hivi, Hans Christian alianza kumsaidia baba yake dukani. Hapo ndipo alipozoea kupima, kuchanganya, kuchemsha na kusubiri aone matokeo. Kemia aliijua kwa mikono kabla ya kuijua kwa vitabu.

Mwanafalsafa ndani ya maabara

Katika miaka ya 1790 ndugu hao walikwenda Copenhagen kusoma chuo kikuu. Anders alichukua sheria, Hans Christian alichukua elimu ya dawa na sayansi, na wote wawili walivutwa na falsafa ya Immanuel Kant. Mwaka 1797 Hans Christian alifaulu mtihani wa ufamasia kwa alama za juu. Mwaka 1799 alipata udaktari wa falsafa kwa tasnifu iliyohusu fikra za Kant juu ya maumbile.

Wengi wetu tunamsoma Kant tukiwa tayari na penseli ya kumkosoa. Ørsted alimsoma akitafuta kitu cha kufanyia kazi. Kant alikuwa ameeleza kwamba maada si vipande vigumu tu vilivyotupwa katika nafasi tupu, bali msingi wake ni nguvu za kuvuta na kusukuma. Kutoka hapo, na kutoka kwa wanafalsafa wa Ujerumani waliomfuata Kant, Ørsted akachukua wazo lililomwongoza maisha yake yote: kwamba nguvu za maumbile, yaani umeme, sumaku, joto na mwanga, zina undugu kati yao.

Wazo zuri pekee halitoshi, na hilo alijifunza mapema. Mwaka 1801 alifunga safari ndefu ya masomo Ujerumani na Ufaransa. Ujerumani alifanya urafiki na Johann Wilhelm Ritter, mtafiti mwenye kipaji ambaye mawazo yake yalikimbia mbele ya ushahidi. Ørsted alipoyafikisha Paris baadhi ya madai ya Ritter, hayakuthibitika mbele ya wanasayansi wa huko. Aliporudi nyumbani mwanzoni mwa mwaka 1804, hakupewa nafasi ya uprofesa aliyoitamani.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kinachomtambulisha. Alianza kutoa mihadhara kwa watu wa mji waliotaka kusikia habari za fizikia na kemia. Watu walikuja kwa wingi. Mihadhara hiyo ndiyo iliyomfungulia njia, na mwaka 1806 chuo kikuu kikamfanya profesa wa fizikia.

Siku ile ya Aprili 1820

Ili tuelewe kilichotokea, tukumbuke hali ya elimu wakati ule. Mwaka 1800 Alessandro Volta wa Italia, Mkatoliki, alikuwa ametangaza betri ya kwanza. Kwa mara ya kwanza watu waliweza kupata umeme unaotiririka mfululizo katika waya. Sumaku nayo ilijulikana tangu kale, na mabaharia waliitegemea dira. Lakini umeme na sumaku vilihesabiwa kuwa mambo mawili tofauti. Wapo waliojaribu kuona kama betri ina uhusiano wowote na sumaku, nao hawakupata jibu la uhakika.

Mwezi Aprili 1820 Ørsted alikuwa akitoa mihadhara kwa wasikilizaji waliokwisha kusoma kiasi. Alipokuwa akiandaa somo, lilimjia wazo: waya wenye umeme ukipata moto hutoa joto na mwanga kuelekea pande zote, basi huenda na nguvu ya sumaku, kama ipo, hutoka vivyo hivyo kuelekea pembeni. Waliotangulia walikuwa wakiitafuta kwa kufuata mwelekeo wa waya. Akapanga kupitisha umeme katika waya mwembamba uliowekwa juu ya dira, aone kama sindano itasogea.

Alitaka kufanya jaribio hilo peke yake kabla ya kuingia darasani, lakini hakupata nafasi. Akaingia bila kujua jibu. Somo lilipokuwa likiendelea, akazidi kuamini kwamba wazo lake lina ukweli, na akaamua kulijaribu pale pale mbele ya wasikilizaji.

Sindano ya dira ilisogea kidogo tu, kwa sababu betri ilikuwa dhaifu, na wasikilizaji hawakushtuka. Hakuna aliyepiga makofi.

Watu wengi husimulia tukio hili kana kwamba ni bahati: dira ilikuwa karibu na waya kwa ajali, profesa akageuka akaona. Sivyo. Dira iliwekwa pale na mtu aliyekuwa amelitafuta jambo hilo kwa miaka mingi, akiongozwa na wazo la kifalsafa. Ila ni kweli kwamba lilitokea darasani, na kwamba mwalimu hakuwa na uhakika wa matokeo. Kama jaribio lingeshindwa, angeshindwa mbele ya watu wote, naye alikwisha kuonja aibu ya namna hiyo mjini Paris. Mwalimu anayeogopa kuonekana hajui angelisubiri hadi darasa liondoke.

Kurasa nne za Kilatini

Miezi mitatu hivi ilipita. Mwezi Julai alirudia majaribio kwa betri yenye nguvu zaidi, akiwa na watu wa kuheshimika wa kushuhudia. Aliweka waya juu ya sindano, kisha chini yake. Alibadili madini ya waya. Akaweka kioo, mbao na vitu vingine katikati, na sindano ikaendelea kusogea. Aligundua kwamba waya ukiwa juu sindano huelekea upande mmoja, na ukiwa chini huelekea upande wa pili. Kutokana na hilo akaeleza kwamba nguvu ile haifuati waya bali inauzunguka. Hilo lilikuwa geni kabisa, kwa sababu nguvu zote zilizojulikana wakati ule zilivuta au kusukuma kwa mstari ulionyooka.

Tarehe 21 Julai 1820 alichapisha taarifa yake katika kurasa nne tu, akawatumia wanasayansi na vyama vya kisayansi sehemu mbalimbali za Ulaya. Aliiandika kwa Kilatini, lugha ambayo wasomi wa nchi zote wangeweza kuisoma. Waseminari wenzangu mnaohesabu kurasa zilizobaki katika kitabu cha sarufi ya Kilatini, lifikirieni hilo.

Mambo yalikwenda haraka. Mwezi Septemba jaribio lile lilionyeshwa Paris, na siku chache baadaye André-Marie Ampère, Mkatoliki mwenye imani ya kina, alianza kutoa maelezo yake ya kihesabu. Uingereza, mwaka 1821, Michael Faraday aliufanya waya wenye umeme uzunguke sumaku, na huo ndio mwanzo wa mota. Mwaka 1831 akaonyesha kinyume chake: sumaku ikisogezwa karibu na waya huzalisha umeme. Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunukia Ørsted Nishani ya Copley mwaka ule ule wa 1820.

Msomaji anaweza kuuliza hayo yanamhusu nini. Maji ya Kidatu na Mtera yanapozungusha mitambo tukapata umeme, kanuni inayofanya kazi pale ilitoka katika njia hiyo iliyofunguliwa Copenhagen. Spika zinazofikisha mahubiri hadi kwa waamini waliokaa chini ya mwembe nje ya kanisa hufanya kazi kwa sababu waya wenye umeme hugeuka kuwa sumaku. Na jaribio lenyewe halihitaji maabara ya gharama. Chukua betri ya tochi, kipande cha waya na dira ndogo. Laza waya juu ya sindano, ukielekea kaskazini na kusini kama sindano yenyewe, kisha gusisha ncha zake kwenye betri kwa sekunde moja au mbili tu, maana waya hupata moto. Utaona walichokiona wanafunzi wa Ørsted.

Kulifundisha taifa

Baada ya ugunduzi huo angeweza kujifungia katika utafiti. Hakuacha utafiti: mwaka 1825 alikuwa wa kwanza kupata chuma cheupe cha alumini, ambacho leo kimejaa jikoni kwetu kwa umbo la sufuria. Lakini nguvu zake nyingi alizipeleka katika kufundisha.

Mwaka 1824 alianzisha chama cha kueneza elimu ya maumbile, ili mihadhara isiishie kwa wanachuo wa Copenhagen bali ifike kwa mafundi na wafanyabiashara, hata katika miji mingine ya Denmark. Chama hicho kipo hadi leo, nacho pia kina nishani yenye jina lake. Mwaka 1829 alianzisha chuo cha ufundi mjini Copenhagen, akakiongoza mpaka kufa kwake. Leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi tunaozungumza Kiswahili. Wakati wa Ørsted, Kidenmark hakikuwa na maneno ya kutosha kwa sayansi mpya. Msomi alitumia Kilatini, Kijerumani au Kifaransa. Ørsted akaunda maneno ya Kidenmark. Oksijeni aliiita *ilt*, kutokana na neno la moto, na haidrojeni akaiita *brint*, kutokana na neno la kuungua. Watoto wa Denmark wanayatumia maneno hayo mpaka leo. Mtu huyo huyo aliyeandika kurasa nne za Kilatini kwa wasomi wa Ulaya aliona haja ya kumwezesha mtoto wa fundi viatu aelewe hewa anayovuta kwa lugha ya mama yake. Lugha ya wasomi na lugha ya nyumbani hazikugombana kichwani mwake. Nchini kwetu mjadala kuhusu lugha ya kufundishia fizikia sekondari haujaisha, na mfano wake unafaa kukumbukwa na pande zote mbili.

Nyumba yenye mlango wazi

Mwaka 1819 kijana wa miaka 14 aliingia Copenhagen kutoka Odense. Alikuwa mtoto wa fundi viatu, maskini, baba yake ameshakufa, na alitamani kuwa msanii. Jina lake Hans Christian Andersen. Nyumba ya Ørsted ilikuwa mojawapo ya nyumba zilizompokea. Alikula mezani pao, akacheza na watoto wao, akasoma mbele ya Ørsted alichoandika. Andersen alipoanza kuchapisha hadithi za watoto na wengine wakaziona kuwa mchezo, Ørsted alimwambia kwamba hadithi hizo ndizo zitakazolifanya jina lake lisife. Imekuwa hivyo.

Ampère, niliyemtaja hapo juu, naye alifanya jambo la kufanana. Mwanafunzi kijana aitwaye Frédéric Ozanam alipofika Paris mwaka 1831, Ampère alimpa chumba nyumbani kwake, naye akaiona imani ya msomi yule kwa karibu. Mwaka 1833 Ozanam na wenzake walianzisha Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho wanaparokia wengi wanakifahamu kwa kuwatembelea maskini. Ozanam alitangazwa Mwenyeheri mwaka 1997. Wanafizikia wale wawili waliounganisha umeme na sumaku walikuwa pia watu wa kufungua mlango kijana anapobisha.

Imani yake na mwisho wake

Ørsted alikuwa Mlutheri, kama karibu Wadenmark wote wa wakati wake. Mwaka 1850 alichapisha kitabu kuhusu roho katika maumbile, akieleza kwamba sheria za maumbile ni sheria za akili, na kwamba akili ya mwanadamu inazielewa kwa sababu zote mbili zina chanzo kimoja kwa Mungu. Katika Kanisa lake wapo waliohofia kwamba anamchanganya Mungu na maumbile. Sisi pia tunapaswa kuwa waangalifu hapo, maana Muumba si sehemu ya viumbe vyake. Hata hivyo, kwamba akili inaweza kupanda kutoka kwa viumbe hadi kwa Muumba ni fundisho la Kitabu cha Hekima, sura ya 13, na Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano ulilitamka rasmi mwaka 1870. Ørsted aliuendea mlango huo kutoka maabara.

Mwaka 1850 Denmark iliadhimisha miaka 50 ya utumishi wake. Wanafunzi waliandamana kwa mienge, na akapewa nyumba ya kuishi nje kidogo ya mji. Hakuwahi kuhamia. Alifariki tarehe 9 Machi 1851, akiwa na miaka 73, na akazikwa katika makaburi ya Assistens mjini Copenhagen.

Sisi na walimu wetu

Sasa tunaweza kujibu swali la mwanzo. Walimu wa fizikia wa Marekani hawakumchagua Ørsted kwa sababu tu ya dira na waya. Wagunduzi wako wengi. Walimchagua kwa sababu kwake kugundua na kufundisha vilikaa katika chumba kimoja.

Katika jamii yetu tumezoea kusema kwamba mtu amekuwa mwalimu baada ya kukosa nafasi kwingine. Hata kati yetu waseminari, anayeambiwa kwamba baada ya upadrisho atapelekwa kufundisha seminari ndogo, wakati mwingine hupokea habari hiyo kama adhabu, kana kwamba upadre wake utaanza siku atakapopewa parokia. Mtazamo huo una madhara. Mtoto anatambua haraka mwalimu anayesubiri kuhamishwa. Anatambua pia mwalimu anayekariri majibu ya mwaka jana, asiyeruhusu swali kwa sababu anaogopa lisije likamfikisha asikojua.

Ørsted aliingia darasani na swali lililo hai na akawaruhusu wanafunzi wamwone akilitafutia jibu. Hilo ni aina ya unyenyekevu. Anayefundisha katekisimu, fizikia au Kilatini bila swali lolote lililo hai moyoni anawapa watoto chakula kilicholala.

Ndugu wanaparokia, hatuna nishani za dhahabu za kuwapa walimu wa shule zetu, lakini tunawajua kwa majina na kwa nyumba zao. Jumapili ijayo, baada ya Misa, mtafute mmoja aliyekufundisha, umwambie ni kitu gani alikufungulia macho ukakiona. Kama ameshatangulia mbele ya haki, mtolee nia ya Misa. Na sisi waseminari tumwombe Mungu atujalie tuupokee ualimu kama sehemu ya wito wetu, siku tutakapotumwa.

Mungu awabariki.